Ngoma ipigwe na mkono wako: jinsi mtu mzima anavyoweza kuanza, hapa Lamu na kwengineko

Nianze na hili manake ndilo watu wanalikosea kila siku. Kusikiliza muziki ni kuzuri, hakuna aliyekataa, weka taarab yako jioni na kahawa chungu pembeni na roho itatulia. Lakini tunayozungumza hapa, muziki kwa ajili ya afya ya mwili na akili, ni mambo mengine kabisa, ni wewe mwenyewe ukamate tari, au kayamba, au hata sinia la jikoni, upige mpaka mikono ipate joto. Tofauti si ndogo. Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walipima watu wanaweza kustahamili maumivu kiasi gani, wakakuta waliotoka kuimba, kucheza na kupiga ngoma wanastahamili zaidi kuliko kabla, na wale waliokuwa wakisikiliza tu hawakupata kitu hicho. Maelezo yao ni kwamba mwili ukijituma kwenye muziki unatoa endofini, yaani dawa ya maumivu ambayo Mungu ameshaiweka ndani. Kwa hivyo ile "mimi sijui kupiga, nitakaa pale nisikilize" ndio unajinyima chenyewe ulichokuja kukitafuta.

Halafu tuwekane sawa. Tiba ya muziki hasa ni kazi ya mtu aliyeisomea. Marekani walianza kuipa uzito baada ya kuona wanamuziki wanavyowasaidia askari waliorudi vitani wakiwa hospitali, Michigan State wakafungua masomo yake mwaka 1944, chama chao cha kitaifa kikaja 1950, na Uingereza Juliette Alvin akaanzisha chama mwaka 1958. Kule mtaalamu anakaa na mgonjwa, anampa chombo, mgonjwa akipiga yeye anamuitikia, wanazungumza kwa mapigo kabla hawajazungumza kwa mdomo. Mimi nakuelekeza sehemu ile ambayo mtu mzima wa kawaida, mwenye stresi zake za biashara na madeni na kuuguza wazee, anaweza kujifanyia barazani kwake. Usije ukamwambia mtu aache vidonge vya presha kwa sababu ameanza kupiga tari, tutalaumiana.

Ushahidi upo, ila upo kwa kiasi chake na mimi napenda kuusema vile ulivyo. Ufini mwaka 2011 walichukua watu wazima 79 wenye depresheni, 33 kati yao mbali na matibabu yao ya kawaida wakaongezewa vikao 20 vya kupiga ala na mtaalamu, na moja ya vyombo walivyopewa ni djembe, ngoma ya ngozi ya Afrika Magharibi. Yaani wazungu wameifuata ngoma ya ngozi mpaka huko na sisi zetu zimetundikwa ukutani zinakula vumbi kungoja mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Baada ya miezi mitatu wale 33 walikuwa wamepata nafuu zaidi ya wenzao. Baada ya miezi sita, vikao vimekwisha zamani, tofauti ile ilikuwa imefifia. Mimi hapo nasoma jambo moja tu, hiki si kitu cha kufanya mwezi mmoja halafu ukasema nimepona. London nao, utafiti uliotoka 2016, watu waliokuwa wakitibiwa maradhi ya akili walipiga ngoma kwa kikundi mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 10, depresheni ikashuka mwanzo kisha wasiwasi ukafuata. Kikundi. Sio mtu mmoja na simu yake.

Na kwa mtu wa Lamu kazi ni nyepesi kuliko anavyodhani, kwa sababu mwili wake umeshasoma. Tangu Habib Swaleh alipoanzisha Riyadha, msikiti na chuo chetu, matari hayajanyamaza pale, mtoto wa hapa amekaa kwenye safu ya Maulidi kabla hajajua kusoma, tari la kwanza likilia mabega yake yanajua yaende wapi bila kuambiwa. Wanawake ndio nyinyi mko mbele zaidi, kwenye vugo la harusi pembe zinagongwa na vijiti na kila mtu anaitikia, nani amewahi kuuliza nani ana kipaji? Hakuna. Basi huo ndio moyo tunaoutaka, ila tuuhamishe kutoka mara mbili kwa mwaka uwe kila wiki.

Chombo gani

Kwa mtu mzima anayeanza mimi napendekeza tari. Ni jepesi, linakaa mapajani, halihitaji mtu wa kulibeba, na karibu kila mtaa kuna nyumba inayo moja. Likiwa na visahani vya shaba ubavuni ni zuri kwa harusi lakini kwa kazi yetu zile kelele zinachosha, tafuta lisilo na visahani au uvizibe na kitambaa.

Mwenye baridi yabisi ya vidole asianze na tari, aanze na kayamba. Lile bapa la matete lenye mbegu ndani linashikwa kwa viganja viwili na kutingishwa huku na huku, kazi yote inafanywa na mikono mizima na mabega, vidole havigongi popote. Ukienda Malindi na vijiji vya nyuma yake utawaona kina mama wa Kigiriama wazee kabisa wanalipeleka kayamba muda mrefu na wala hawahemi. Kama una jamaa Malindi mwambie akutafutie, akikuletea na boflo si vibaya.

Huna chochote? Ndoo ya rangi ya lita 20, ipindue, ikae katikati ya miguu. Inatoa sauti nzito nzuri sana na hailipishwi. Sinia la bati lina sauti kali, liache kwa watoto. Msondo na vumi ni ngoma za watu waliozoea, zinataka nguvu. Na udi, najua kuna mtu atauliza udi, tunajua mpiga udi Zein l'Abdin alizaliwa hapa hapa na jina lake likafika mbali, lakini udi unataka miaka na ncha za vidole zitakuuma miezi kabla hujapata raha, na sisi tunataka mtu apate raha siku ya kwanza. Uweke iwe safari ya pili.

Pasha kwanza

Hili dogo lakini likiachwa linaharibu kikao chote. Ngozi ya mbuzi inakunywa unyevu wa bahari, hasa masika na kusi ikikaza, unaligonga tari linajibu puf puf kama godoro, na mtu mgeni anadhani ni yeye hajui. Kumbe ngozi imelegea tu. Washa makaa kidogo au gazeti na kuti kavu, shika tari mbali na moto kiasi cha kwamba mkono wako wenyewe unaweza kukaa pale bila kuungua, upande wa ngozi uangalie moto, na uwe unazungusha, unazungusha, kila baada ya muda unaligonga na kidole kimoja unasikiliza. Sauti itakuwa inapanda polepole. Ikifika pale ambapo inalia safi ukingoni, toa, usiwe na tamaa. Nimeona mtu kalisogeza karibu ili aharakishe na ngozi ikaachana kwa mlio mmoja, taa! Ikisha hiyo hakuna kulishona. Mwenye pumu akae mbali na moshi, hii kazi apewe mtu mwengine. Na kama mmenunua ngoma za ngozi ya plastiki hamna haja ya moto wala maneno, sauti yake mimi siipendi sana lakini kwa afya hakuna ubaya.

Nusu saa ya kwanza, hatua kwa hatua

Wakati mzuri hapa kwetu ni baada ya Alasiri mpaka nusu saa kabla ya Magharibi, jua limevunjika, na hamtagongana na adhana. Asubuhi pia sawa kama wewe ni mtu wa asubuhi. Usiku acha. Vichochoro vyetu vinabeba sauti, ukipiga mtaa wa Mkomani, wa Langoni wanasikia, jirani ana mtoto anamlaza.

Kabla ya kitu chochote chukua daftari uandike namba moja kutoka 0 mpaka 10, leo nimebanwa kiasi gani, 0 ni shwari na 10 ni pumzi haishuki. Usifikirie sana, andika tu.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono au kwenye ukingo wa baraza, nyayo zote mbili zikanyage chini. Vua pete, bangili na saa. Tari lisimame kwenye paja la kushoto, mkono wa kushoto uushike mti wake kwa chini na usiubane, unaushikilia usianguke tu. Mkono wa kulia uulegeze mpaka usikie uzito wake wenyewe. Sasa angusha vidole vinne vilivyokaa pamoja kwenye sehemu ya katikati ya ngozi, utasikia DU. Kisha ncha za vidole ukingoni, TA. Ni hizo sauti mbili, hamna nyengine ya kujifunza leo. Ukishagonga mkono uruke, usiubandike, manake ukiubandika unaua sauti na mshtuko wote unarudi kwenye kifundo cha mkono na kesho utasema ngoma imenidhuru. Wenye mkono wa kushoto geuzeni, hakuna sheria.

Inuka kwanza. Tembea pale pale ulipo mwendo wako wa kwenda sokoni, sio ule wa kukimbilia boti ya Mokowe. Zile hatua ndio spidi yako ya leo. Kaa tena upige DU moja kwa kila hatua, bila pambo, dakika tano nzima. DU, DU, DU, DU. Utachoka akili kabla hujachoka mkono, na hapo ndipo kichwa kinaleta kila kitu, deni la duka, ada za watoto, maneno ya wifi yako siku ya karamu, yaache yaje yapite wala usigombane nayo, kazi yako ni moja tu, DU inayofuata isichelewe. Watu wengi ndio mara yao ya kwanza siku hiyo kuwa na kazi moja.

Mkono ukishakwenda wenyewe ongeza pumzi. Vuta kwa puani mapigo manne, toa mapigo sita, kwa mdomo, taratibu. Ukiona unakosa hewa fanya matatu kwa manne. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunaiamsha neva inayoitwa vagasi, ile inayoteremka kutoka kichwani mpaka kifuani na tumboni, nayo inauambia moyo upunguze mwendo. Ndio siri ya kasida zile zinazovutwa ndefu, mtu anaimba ubeti mzima kwa pumzi moja, bila kujua anafanya mazoezi ya pumzi. Kwa hivyo dakika tano zinazofuata badala ya kutoa pumzi kimya, toa na sauti, mmmmm, mdomo umefungwa, mpaka mifupa ya uso isikie inatetema.

Kisha mapigo yaanze kuwa na sura. DU ta-ta DU ta, DU ta-ta DU ta. Polepole. Ukipotea rudi kwenye DU peke yake, ujipange, uingie tena, kupotea na kurudi ni sehemu ya mazoezi, ubongo pale ndio unafanya kazi ya kusikiliza, kukadiria na kusogeza mkono kwa wakati mmoja. Dakika kama saba.

Halafu dakika mbili au tatu ambazo mimi naziona ndio moyo wa shughuli yote. Piga unavyotaka. Hamna DU hamna TA hamna hesabu. Kama una hasira na mtu zipige, kama una huzuni ipige taratibu na vidole viwili. Ufini ndivyo walivyofanya, watu waliunda mapigo yao wenyewe bila kufundishwa wimbo, na kuna mambo mtu mzima wa kwetu hawezi kuyatamka, mwanamume hasa, kakaa nayo miaka, lakini tari halimuulizi ni nini. Usirekodi. Ukirekodi tu utaanza kupiga kwa ajili ya watu wa status.

Mwisho rudi kwenye DU ya kutembea, ipunguze sauti kidogo kidogo, usiikate ghafla. Viganja juu ya ngozi, pumzi tatu nne. Andika namba tena kwenye daftari. Kuna siku itashuka, kuna siku haitatikisika, na kuna siku utalia, yote ni kawaida. Usiangalie namba ya siku moja, angalia mwezi.

Mkiwa wengi

Peke yako dakika kumi kila siku ni nzuri, lakini angalau mara moja kwa wiki mkae pamoja, watu wanne mpaka wanane. Wakizidi hapo wapole hawasikiki. Kaeni duara au safu mbili zinazotazamana kama kwenye Maulidi, ili kila mtu aone mkono wa mwenzake.

Kiongozi asiwe yule fundi wa ngoma anayejulikana mji mzima. Fundi atapiga vizuri, wengine wataanza kuona aibu, na baada ya wiki mbili mnabaki na tamasha la mtu mmoja. Chagueni mtu mwenye subira, hata kama anajua DU na TA tu. Kazi yake ni kuita, wengine waitikie, anapiga kifupi, wote wanarudisha kile kile, kisha anayefuata naye anaita. Kila mtu lazima apate zamu ya kuita, na ndio wazee wanapochangamka. Kwenye baraza letu kuna bibi mmoja mkono wake wa kulia una ganzi za sukari, kiongozi kila wiki anamuanza yeye.

"Shikamoo bibi. Mkono umeamkaje leo?"

"Marahaba mwanangu. Umeamka na nongwa zake."

"Basi tuitie kwa huo huo wenye nongwa, sisi tutaufuata."

Na anaita kweli, mapigo mawili matatu yaliyokaa upande, na watu wazima saba wanayarudisha vile vile yalivyokaa upande, bila kuyanyoosha. Ukitaka kujua kwa nini kikundi kinafanya kazi, ni hapo. Mtu amesikilizwa mpaka kwenye kosa lake. Ikiisha mnakunywa chai na mahamri na mnaongea, na msiifupishe ile chai, imo ndani ya dawa.

Wanawake na wanaume kila mmoja na baraza lake ndio itadumu hapa kwetu, msijipe kazi ya kubishana na mji. Kuna swali la ala pia, litakuja tu. Wako wanaoruhusu tari au dufu na kukataa vilivyobaki, wako wasiotaka chombo chochote, kila mtu ana sheikh wake, amuulize. Kama nyumba yenu hamtaki ala basi makofi, kugonga mapaja na kasida vinatosha, wale wa Oxford waliwapima waimbaji pia. Mwezi wa Ramadhani fanyeni hivyo hivyo. Na atakuja mtu kuuliza kama mnapunga pepo. Mjibuni kwa upole, pwani ngoma na uganga vimejuana zamani na ndio maana anauliza, lakini nyinyi hamuiti mtu wala hamumtoi mtu, mnapiga, mnapumua, mnakunywa chai.

Ukiwa na mgonjwa wa stroki nyumbani

Hapa ndipo ninapotaka watu wasome vizuri kwa sababu nyumba nyingi zina mzee aliyepooza upande mmoja na fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ni mpaka siku ya kliniki. Miaka ya 1990 kule Colorado, Marekani, Michael Thaut na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa wa stroki au wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka, akitembea huku anasikia mapigo yaliyo sawa, hatua zake zinarefuka na zinakaa sawa zaidi. Sikio na sehemu za ubongo zinazopanga mwendo zinasikilizana haraka sana, mguu unalingoja pigo linalofuata na unajua litafika lini.

Kwa hivyo muulize fizio kwanza, akikubali fanya hivi. Mzee atembee na mtu ubavuni, wewe hesabu hatua zake kwa dakika moja. Tuseme ni 50. Piga ndoo au tari DU 50 kwa dakika, sio zaidi, umfuate yeye. Akizoea, baada ya siku kadhaa, ongeza mbili tatu tu. Wengi wanakosea hapa, wanapiga spidi ya kijana wakidhani wanamhimiza, mzee anakimbizana na ngoma mpaka anaanguka. Apu ya metronomu ya bure kwenye simu itakusaidia usipotoke. Sakafu isiwe na mikeka inayoteleza na ngazi zetu hizi za mawe zisiwe karibu.

Na yule aliyepoteza maneno lakini ukimuanzishia kasida anaimba nayo? Si miujiza wala hakufanyii makusudi. Maneno ya kusema yanategemea sana upande wa kushoto wa ubongo, kuimba kunashirikisha pande zote mbili. Boston mwaka 1973 walitoa njia ya kutumia hilo, na Kiswahili kimekaa nayo vizuri kwa sababu silabi zetu ziko wazi. Shika mkono wake wa kushoto, ugonge mezani taratibu mara moja kwa kila silabi, na muimbe pamoja kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu: na-TA-ka-MA-ji. Na-TA-ka-MA-ji. Kisha wewe nyamaza mwisho, yeye amalizie. Sentensi anazozihitaji za kila siku, maji, choo, njaa, jina la mtoto wake. Dakika kumi, msimchoshe, na msimsahihishe mbele za wageni. Mkipata mtaalamu wa matamshi yeye ndiye aongoze.

Tahadhari

Zumari nimeiacha makusudi. Ni kweli kupuliza kuna faida zake, mwaka 2006 Uswizi watu 25 wenye tatizo la pumzi kukatika usingizini waligawanywa, waliofundishwa kupuliza didgeridoo ya wenyeji wa Australia kwa miezi minne walipunguza kusinzia mchana na wenzao wa kitandani wakalala vizuri zaidi, na mpiga zumari wetu anatumia ufundi ule ule wa kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yanapuliza. Lakini kupuliza kwa nguvu kunapandisha presha ya kichwani na ya macho. Mwenye presha ya macho, mwenye ngiri au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asiiguse mpaka daktari amwambie. Zumari ina sauti kali pia, ndani ya chumba cha mawe inaumiza masikio. Kipimo cha kelele ni rahisi, mwenzako yuko hatua moja mbele yako na inabidi upaze sauti akusikie, basi punguzeni au tokeni nje.

Vidole vikifa ganzi au kifundo kikivimba pumzika siku mbili tatu, ukirudi piga kwa nusu ya nguvu. Kizunguzungu wakati wa pumzi maana yake unavuta nyingi mno, acha kuhesabu upumue kawaida. Na mtu ambaye hapati usingizi wiki nzima, hataki kula, anasikia sauti, au anazungumzia kujidhuru, huyo si wa kupelekwa barazani, mpeleke hospitali leo, tari litamngoja. Vile vile uso wa mtu ukipinda ghafla au mkono wake ukafa ghafla akiwa amekaa anapiga, usimkande wala usimpe chai, ni boti na hospitali.

Ngoma zenyewe zitundikeni ndani mahali pakavu, ngozi iangalie ukutani, sio chini ya mabati ambapo mchana pana moto na usiku pana unyevu. Panya wanapenda ngozi ya mbuzi. Ikipasuka mpeni anayejua kuwamba, ngozi mbichi italoweshwa, ivutwe, ipigwe misumari na ikae kivulini siku kadhaa ikauke yenyewe, msiianike juani kuharakisha. Siku hizo zote kikao kisivunjwe, kuna meza, kuna ndoo, kuna mapaja.